Wimbo Nilioutwaa kwa Utani

Chola, wewe uyoga,

Mvua imechelewa kukuandikia. Unaona, nimeanza kwa mzaha hata leo, kwa sababu tangu ujana wetu mdomo wangu haukujifunza njia nyingine ya kukuita.

Ninaandika nikiwa kitandani, hapa mtaani Bel-Air, Lubumbashi, katika chumba cha nyuma ulichokuwa ukikiita ghala la vitabu. Miguu imevimba na moyo umechoka. Daktari anaongea na wanangu mlangoni kwa Kifaransa cha chinichini, amesahau kwamba nusu ya mtaa huu walijifunza Kifaransa hicho kwangu. Nimeelewa kila neno. Muda uliobaki ni mfupi, basi nisiupoteze kwa kukuuliza hali.

Nimekuletea habari ya kesi. Tumeshindwa. Wimbo wako wa samaki umeandikwa kwamba hauna mwenyewe. Na mimi, niliyekuwepo ulipoutunga, ndiye niliyesababisha. Bwalya, binti yako, anajua. Wewe pia ulijua. Lakini ulinifichia, kwa kuwa desturi ilikukataza kufanya vingine.

Ngoja nianze mbali kidogo. Wazee huanza mbali, na wagonjwa pia. Tena wanangu huenda wakaisoma barua hii, nao wamezaliwa mjini, mambo haya wanayasikia kama hadithi.

Unakumbuka kilio cha mjomba wangu? Ulikuwa umefika karibuni kutoka Kilwa yetu, ile ya ziwani, si ya pwani, nguo zako bado zinanuka samaki wa ziwa, na gitaa ulilotengeneza kwa kopo la mafuta. Walikuita upige ili wafiwa wasisinzie. Mtu mmoja akaninong'oneza, "Uyu kijana ni mwina Bowa." Ukoo wa Uyoga! Mimi ni mwina Mfula, wa ukoo wa Mvua. Nikasimama papo hapo, nikakuvua kofia mbele ya watu wote, nikaivaa. Uliendelea kupiga gitaa bila kukosa hata uzi mmoja, ukaniambia, "Beba tu. Mvula inanyeshaka pahali haijaitwa." Kilio kizima kikacheka. Mjane wa mjomba alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia vizuri zaidi.

Ndivyo tulivyokuwa watani. Wazee wetu wa upande wa Luapula wanauita bunungwe. Uyoga hauoti bila mvua, na mvua isiyootesha kitu ni matope tu; kwa hiyo koo hizi mbili zimepewa ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hawana. Mtani akichukua kuku wako, hakuiba. Akikutukana mbele ya wakwe zako, hakukutukana. Ukimkasirikia, wewe ndiwe uliyekosa adabu. Na siku ukifa, yeye ndiye anayesimama kaburini kwako na kufanya vituko, ili waliobaki wapate pumzi.

Nilikula kuku wako wengi. Nawe ulikunywa munkoyo wa mke wangu mpaka akawa anauficha chini ya kitanda. Hayo sikuandikii kwa ajili yake. Hayo yalikuwa mema.

Nakuandikia juu ya wimbo.

Mama yako mdogo alikuwa analeta samaki wakavu kutoka Kilwa. Mwaka ule wa mvua nyingi lori lilikwama matopeni njiani, wakalala huko, wakalala tena, na samaki wakaanza kuoza ndani ya magunia. Alifika Lubumbashi na magunia mawili ya funza. Alikaa kwenye ua wangu ameinamisha kichwa, na wewe ulikaa karibu naye na gitaa. Sikukuona ukitunga. Nilisikia tu kwamba vidole vyako vimeanza kwenda kama gurudumu linalozunguka mahali pamoja, halafu ukaimba maneno ya samaki anayemwambia mama: usilie, mimi nilikwisha kufa ziwani, wewe ndiye ungali njiani. Mama yako mdogo alinyanyua kichwa. Akasema, "Rudia." Ukarudia. Nilisimama mlangoni na chaki mfukoni.

Kwa hiyo najua. Nilikuwepo. Hakuna bibi wa zamani aliyeuimba wimbo huo kabla yako.

Halafu zikaja zile siku ambazo walimu hatukulipwa. Unazikumbuka, kwa kuwa ulituletea bukari, ugali wetu wa huku, wakati ule. Tulikuwa tunakutana katika ua wa shule, tunapiga kelele kwamba elimu si zawadi ya mbinguni, ni kazi, na mtu aliyefanya kazi lazima ale. Mimi nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nilisema makofi ya wazazi hayapikwi chunguni. Wenzangu walinishangilia. Jioni nilirudi nyumbani, nikatia kaseti yako upande mmoja wa rekoda, kaseti tupu upande wa pili, nikabonyeza vitufe viwili.

Kaseti ile uliniachia wewe mwenyewe. Ulijirekodi kwangu ili mama yako mdogo apate kusikiliza akirudi Kilwa.

Kwanza nilinakili moja kwa mwalimu mwenzangu. Akataka nyingine kwa shemeji yake. Baadaye muuzaji wa sokoni alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Wimbo ule ulikuwa unauma watu. Kila nyumba ya huku kwetu Kampemba ilikuwa na mtu aliyewahi kuoza njiani na mzigo wake. Wachimbaji waliokuwa wakienda Kinsevere walinunua. Wengine walizivusha mpaka, zikaenda hata Zambia. Wanangu walirudi shuleni wakiwa na viatu. Sikujiita mwizi hata siku moja. Kila nilipobonyeza vitufe vile nilisema moyoni: nachukua kwa mtani wangu, atakaposikia atacheka.

Lakini kulikuwa na mtu wa ofisi ya watunzi aliyekuwa akipita sokoni akiuliza: mtunzi nani? Kibali kiko wapi? Muuzaji aliogopa. Mimi, mtu wa vitabu, nilipata dawa. Nilichukua kalamu, na kwa mwandiko ule mzuri uliokuwa ukiusifu, nikaandika juu ya kila kaseti: Nyimbo za wazee wa Luapula, folklore. Kitu cha wazee wote hakina mtu wa kuombwa kibali. Yule wa ofisi alisoma, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Na ulipojua, ulikuja Jumapili baada ya misa. Ulisimama sebuleni na kaseti mkononi. "Mwalimu, leo nimejikuta mu soko. Banauza miye."

Nilicheka. Ilinipasa kucheka. Nikasema mvua haiombi ruhusa kwa uyoga. Mke wangu akacheka. Ukacheka na wewe, halafu ukageuza kaseti, ukasoma. "Sawa, Mvula. Lakini jina yangu iko wapi?"

Chola, nilikuwa na nafasi ya kujibu kama mtu. Nikajibu kama mtani. Nilisema, "Tangu lini uyoga una jina? Nani aliupanda?"

Ulicheka tena. Kicheko kile bado ninacho masikioni. Kilikuwa kifupi, kimekatwa na meno. Ulipofika mlangoni uligeuka, ukanikumbusha sheria ya wazee, ile ambayo kila mtoto wa ukoo wako na wa ukoo wangu anaijua: "Kuku, tunakamata. Mbegu, hapana." Mtani anaruhusiwa kuchukua kilichoiva, kilichopikwa, kinachotembea uani. Mbegu iliyowekwa kwa ajili ya kupanda haiguswi hata na mtani.

Nilisikia. Nilielewa. Nikakutania tena, sikumbuki hata nilisema nini, na ukaenda.

Hukulirudia tena neno hilo. Uliendelea kupiga gitaa kwenye vilio na kwenye vibanda vya pombe, na watu walipoutaka wimbo wa samaki walikwambia, "Papa, piga ile ya bazee." Walidhani unaiga. Siku moja kijana alikuambia kwamba kwenye kaseti unaimbwa vizuri zaidi kuliko ulivyoimba wewe. Ulinisimulia hayo kama kichekesho. Tulicheka sana. Mungu wangu, tulivyocheka.

Ulipokufa, uliacha gitaa, koti, na kikohozi ambacho jirani zako wanasema bado wanakisikia asubuhi. Nami nilifanya kazi yangu. Nilivaa koti lako nikacheza mbele ya jeneza. Nililala ndani ya kaburi lako kabla yako, nikakataa kutoka mpaka waniletee bia, nikapiga kelele kwamba uyoga hauzikwi, unakaangwa. Watu walicheka mpaka padri akageuka upande. Walisema haijaonekana siku nyingi mtani aliyemzika mwenzake vizuri namna ile. Bwalya alikuwa upande wa wanawake, ameshika shuka kinywani. Sikulia. Mtani halii. Nilirudi nyumbani nikanywa chai, nikalala.

Sijalia mpaka leo, Chola. Karatasi hii ndiyo ya kwanza kulowa.

Sasa sikiliza kilichotokea baadaye. Kampuni moja ya simu, sitaitaja, imeuchukua wimbo wako. Mtu akipiga simu, badala ya kusikia mlio, anasikia gitaa lako. Wamekupunguzia maneno na kukuongezea ngoma za mashine, lakini vidole ni vyako. Mara ya kwanza nilikuwa nampigia muuguzi anayenichoma sindano. Niliposikia, nilikata simu, nikapiga tena, nikakata, nikapiga. Muuguzi alinigombeza kwamba namchezea.

Bwalya naye alikusikia, kwenye foleni ya duka la dawa, katika simu ya mtu wasiyejuana. Alikwenda ofisini kwao. Wakamjibu kwa heshima sana kwamba wimbo huo ni folklore, walikuta umeandikwa hivyo kwenye kaseti za zamani, hakuna wa kulipwa. Akaja kwangu. Alipiga goti akanisalimu, akakaa kwenye kile kiti chako.

"Papa Mwalimu, banasema wimbo ya baba ni ya Folklore. Sasa Folklore njo nani? Alizaa batoto? Alikohoa damu ku Kampemba?"

Hakuja kwa ajili ya pesa tu, ingawa anazihitaji na haoni haya kusema. Alisema watoto wake wanajua babu yao alikuwa mlevi mwenye gitaa. "Nataka bajue alikuwa anafanya kazi. Weye ulikuwa pale. Sema tu kama ni yake."

Nilikubali. Sikumwambia mwandiko ule ni wa nani. Nilijidanganya kwamba nitausema mbele ya wakubwa, mahali ambapo ukweli una faida. Kweli ni kwamba niliogopa macho yake katika chumba kidogo.

Siku ya kusikilizwa wanangu walinibeba kwenye kiti mpaka ndani ya taxi. Ilikuwa ofisi ya serikali mjini, inayoangalia mambo ya utamaduni. Mkubwa wake alikuwa mama mmoja mpole, mgeni kutoka Kivu. Kampuni ilileta avoka kijana, wakili wao, na mzee mmoja wa kwenu Kilwa, mjuzi wa desturi, mtu mnene mcheshi ambaye ungempenda. Bwalya alivaa kitenge chake kizuri.

Nilizungumza vizuri, Chola. Nilisimulia lori, magunia, funza, mama yako mdogo aliyesema "rudia". Yule mzee alitikisa kichwa kwa huruma. Akasema malori yamekwama katika njia ile tangu baba zetu, na hakuna ukoo usio na mama mdogo aliyeozewa na samaki. Kwa nini wimbo usiwe wa wote? Halafu akaniuliza kwa upole, kama wazee wanavyoulizana, "Mwalimu, weye ni mwina nani?"

"Mwina Mfula."

"Na marehemu?"

Nikajibu kabla ya kufikiri. "Mwina Bowa."

Alipiga makofi. Akacheka mpaka kiti kikalia chini yake. "Madame, andika pale: uyu iko mutani wake! Mutani anaweza kusema marehemu alitengeneza mwezi na nyota, na siye bote tutaitika!"

Mama wa ofisi hakuelewa. Akaelezwa. Naye akaanza kutabasamu, na makarani wakatabasamu, na hewa ya chumba ikabadilika, ikawa hewa ya kilio wakati watani wameingia. Unaijua hewa hiyo. Ukiwa ndani yake hakuna neno linaloweza kusimama.

Nikaona sina njia ila kutoa lote. Nikasema: mimi niliiba. Nilinakili kaseti zake nikaziuza, na neno folklore niliandika mimi kwa mkono wangu ili nisiulizwe.

"Aliiba!" mzee akapaza sauti, machozi ya kicheko yanamtoka. "Sasa mutani iko na kazi gani ingine? Ba kwangu banakulaka kuku yangu kila Noeli, na banakuya kunionyesha mifupa!"

Hata avoka alicheka. Nilisimama. Sijui nguvu zilitoka wapi, kwani nilikuwa sijasimama peke yangu tangu majira ya baridi. Nikasema ni kweli, naapa. Mama wa ofisi alijifuta macho, akajaribu kuwa mkubwa tena. "Mzee wangu, tuko hapa kwa kazi. Unasema kweli ao unafanya mchezo?"

"Kweli."

"Madame," mzee akasema, "mutani hasemake 'nacheza'. Siku yote anasema ni kweli. Njo raha yake."

Nilikumbuka neno lako la mlangoni, nikalisema mbele yao wote: kuku tunachukua, mbegu hapana. Hapo mzee alijifuta machozi. Kwa kitambo aliniangalia kama mtu anayenitambua. Nilifikiri tumepona. Kisha akasema, na safari hii hakuwa anacheka: "Mbegu ukiibeba, mwenyewe anabaki bila mbegu. Wimbo ukiubeba, mwenyewe anabaki nao. Ulimuacha marehemu bila wimbo? Hakuuimba mpaka siku ya kufa?"

Nikakaa tena kwenye kiti changu. Avoka alifunga kifungo cha koti, akasema hana swali. Wakaandika kwamba wimbo ni mali ya jamii, na kwamba mtani wa marehemu alifika kumheshimu kwa mujibu wa desturi.

Kumheshimu. Ndivyo walivyoandika.

Jibu limenijia hapa kitandani, bure kama majibu yote ya kitandani. Ndiyo, ulibaki nao. Ulibaki nao kama mtu aliyejenga nyumba, watu wote wakalala ndani, naye wakamwachia mvua. Ulipouimba, ulionekana mgeni katika sauti yako. Kitu kama hicho kina jina gani, kama si kuibiwa? Lakini aliyeuliza amekwisha kurudi Kilwa, na mama wa ofisi ana mafaili mengine.

Tulipotoka nje, wanangu walikwenda kutafuta taxi. Bwalya alibaki amenishikia fimbo. Watu walipita. Hakuniangalia. Akasema polepole, "Papa, bote bamecheka. Miye nimekuamini."

Nilikaribia kumshukuru.

"Njo mubaya," akasema. "Kama ningecheka pamoya nabo, ningerudi ku nyumba na rafiki ya baba. Sasa narudi na nani?"

Akaniuliza jambo moja tu, kwa nini sikulia siku ile kaburini. Alinipa fimbo yangu akavuka barabara. Hajaja tena, wala sitamtuma mtu kumwita. Wewe unajua kwamba mtoto hafuati ukoo wa baba. Bwalya ni wa ukoo wa mama yake, si mwina Bowa. Hana utani nami, wala wajibu wa kucheka. Katika watu wote waliokuwa ndani ya chumba kile yeye peke yake hakucheka.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Zamani nilidhani kosa lilikuwa langu na lako tu, la nyumba mbili. Sasa nasikiliza mji kutoka dirishani. Vijana wamekaa chini ya miavuli na kompyuta zao, wanajaza nyimbo katika simu za watu kwa bei ya mkate, na wengine hawanunui hata kwao, wanavuta tu hewani. Ukiwaambia mwenye wimbo anakula nini, wanacheka: si anajulikana? Si anapendwa? Mji mzima umejifanya mtani wa wanamuziki. Unachukua huku unacheka, na mwanamuziki naye lazima acheke, akikasirika ataambiwa hana moyo. Mwuza bia kwenye kilio analipwa. Mwenye spika analipwa. Aliyechonga jeneza harudi bila chake. Aliyeimba anapewa sahani ya bukari na maneno mazuri.

Mjukuu wangu ananisikilizisha nyimbo za siku hizi. Nzuri, baadhi yake. Lakini kabla ya ubeti wa kwanza anatajwa tajiri wa madini, katikati mwenye magari, mwishoni mke wake. Niliuliza kwa nini. Akasema, "Babu, pale njo banakulaka." Wewe ulinyimwa jina lako mwenyewe, wao wanaishi kwa kuimba majina ya wengine. Sioni kitakachobadilisha. Nisikudanganye kwamba naona. Zamani nilikuwa nawaambia wanafunzi mwishoni mwa somo kwamba kesho ni yao. Sina sentensi hiyo tena.

Basi, nimebaki na kitu kimoja ambacho ni changu, na ambacho hakuna mtu atakayekigeuza kuwa mzaha. Ni maziko yangu.

Niliwaita wanangu jana. Nimewaambia nikifa, watu wa ukoo wa Uyoga wakija wapokewe, wapewe maji na mahali pa kukaa, lakini asiruhusiwe hata mmoja kunifanyia utani. Asivae mtu koti langu. Asiingie mtu kaburini mwangu kudai bia. Nizikwe kimya, kama mgeni aliyekufa njiani. Mwanangu mkubwa alishtuka. "Papa, muntu hazikwake bila mutani ku kilio. Batasema ulikuwa mulozi." Nimemwambia na waseme nilikuwa mchawi. Nimemwapisha kwa jina la mama yake, na ameapa, analia. Padri pia nimemwambia, akanisihi nifikiri tena. Nimefikiri.

Najua maziko hayo hayatakuletea kitu. Wimbo utaendelea kulia katika simu za watu, na Bwalya ataendelea kuusikia kwenye foleni. Lakini kicheko ndicho nilichojifunika nacho nilipokuibia, na ndicho walichokifunika kinywa changu nilipotaka kusema. Siendi nacho mbele.

Kwaheri, Chola. Mkono umechoka na mistari imeanza kupanda juu kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Nakuahidi nitaingia ardhini bila mtu kucheka. Na nikikukuta huko, nitasimama mbele yako nikiwa nimevua kila kitu cha utani, ili kwa mara ya kwanza uruhusiwe kunikasirikia. Usinionee haya. Kasirika mpaka mwisho.